Mbuzi wa Kiamaiko na Jedwali la Utafiti

Huambiwa: "Kenya haina ajira katika sekta za utafiti. Tazama jedwali la asilimia ya ajira katika sekta hizo: Korea Kusini juu, sisi mkiani." Kwamba tuko chini sibishi. Nabisha linavyosomwa hilo jedwali.

Inadaiwa kwanza kwamba anayefanya kazi katika sekta ya utafiti anatafiti. Sivyo. Shirika la OECD hupanga sekta kwa kulinganisha fedha za utafiti na thamani inayoongezwa na sekta, tena kwa hesabu za nchi ambazo nyingi ni tajiri. Kwa kipimo hicho dawa zinakaa kileleni na nyama ngazi za chini. Sasa nenda Barabara ya Baba Dogo, Ruaraka, si mbali na machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko, Nairobi, ukione kiwanda cha dawa. Viwanda vyetu hutengeneza zaidi dawa ambazo hataza zake zimekwisha, kwa malighafi kutoka India na China. Hata hivyo mpakiaji wa vidonge wa Nairobi huingia safu moja na mkemia wa Basel.

La pili: kwenye mbuzi hakuna sayansi. Hili ndilo linaloniudhi. Mbuzi wanaoshushwa kwenye machinjio ya Kiamaiko hutoka Marsabit, Moyale, Isiolo, maeneo ambako homa ya mapafu ya mbuzi ikiingia zizini huweza kufyeka kundi zima. Bakteria wake alitengwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1976. Chanjo yake hutengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya umma, inayotengeneza pia ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Bila kazi hiyo lori lingefika Kiamaiko nusu tupu. Lakini mtaalamu wa chanjo hahesabiwi kwenye nyama, na mtafiti wa ILRI kule Kabete ameajiriwa na taasisi ya kimataifa. Utafiti upo, ila safu ya nyama inaonekana kama haujawahi kuigusa.

Kisha asilimia. Asilimia ya nani? Ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya 80 kati ya kila Wakenya 100 wenye kazi wako jua kali. Gawanya kwa wenye payslip pekee, utapata picha moja. Ongeza wauza matumbo na wachuna ngozi, picha inasinyaa. Ulinganisho usiotaja kigawanyo uachwe.

Wapo pia marafiki wanaosema fundi wa jua kali wa Kariobangi ni mtafiti. Hapana. Mwongozo wa Frascati wa kupima utafiti, uliotoka mwaka 1963, katika toleo la 2015 unadai kazi iwe mpya, ya kibunifu, yenye matokeo yasiyojulikana, yenye utaratibu, na mwingine aweze kuirudia. Ujanja mwingi wa fundi hauandikwi popote. Kumpa cheo hakumpi maabara.

Mwisho, eti serikali ikitoa fedha jedwali litabadilika. Sheria ya mwaka 2013 iliahidi Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Ahadi hiyo haijatimizwa, na hata ingetimizwa, fedha hizo zingepita kwanza vyuoni na kwenye taasisi za umma, safu ambazo jedwali la viwanda halizisomi.