Kadi Mfukoni Haijengi Chama



Yako maneno yanayozunguka vibarazani hapa Kibokoni kila wahadhiri wanapogoma: kwamba msomi hagomi, kwamba mgomo ni kazi ya makuli, kwamba aliyevaa joho haistahili asimame langoni akipuliza firimbi. La kusikitisha ni kuwa baadhi ya wayasemao ni wahadhiri wenyewe. Kadi ya chama wanayo, na ada hukatwa katika mishahara yao kila mwezi. Lakini mkutano ukiitishwa hawaonekani, na uchaguzi wa viongozi ukifika husema kwamba siasa si kazi yao. Sisi twasema bila kuficha: huko ni kula jasho la wenzao.

Na tuwaulize: chama hicho walikipata wapi?

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilikifutia usajili chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu, ambacho miongoni mwa madai yake kilitaka Ngũgĩ wa Thiong'o arudishiwe kazi yake baada ya kutoka kizuizini. Katibu mkuu wake, mwanasheria Willy Mutunga, naye akatiwa kizuizini mwaka 1982. Vyama vingi viliporejea, wahadhiri walidhani mlango umefunguka, wakaomba kukisajili chama cha UASU. Wakanyimwa, kama chama cha IPK kilivyonyimwa usajili mwaka 1992. Waligoma kuanzia mwishoni mwa 1993 hadi ndani ya 1994, na viongozi wao, wakiwamo mwenyekiti Korwa Adar na katibu mkuu Kilemi Mwiria, wakafukuzwa kazi. Usajili ulipatikana mwaka 2003, baada ya kura ya wananchi kuiondoa KANU madarakani. Kwa hiyo kadi iliyolala mfukoni mwa mhadhiri wa leo ililipiwa na watu waliopoteza mkate wao.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, kushiriki katika shughuli zake, na kugoma. Tuliangalie neno hilo: kushiriki. Kulipa ada peke yake hakutoshi. Sheria ya uhusiano wa kazi ya 2007 yaruhusu hata asiyekuwa mwanachama akatwe fedha, iwapo anafaidika na mapatano yaliyofikiwa na chama. Fedha basi zaweza kukatwa kwa amri. Ujasiri je, ni sheria gani itakayoukata katika mshahara wa mtu na kuupeleka chamani?

Wanaowadharau makuli na wakumbuke Januari 1947. Wafanyakazi wa bandari ya Kilindini, pamoja na wale wa reli na wa majumbani, waliusimamisha mji huu. Serikali ya kikoloni ilimkamata kiongozi wao, Chege Kibachia, ikamhamishia Baringo. Lakini ililazimika pia kuunda baraza la usuluhishi, na mishahara ikaongezwa. Watu ambao wengi wao hawakuliona darasa walimfunza mwajiri wao hesabu. Leo mwenye shahada tatu anaona haya kuwafuata?

Septemba 2025 wahadhiri waligoma kwa siku 49, hadi serikali ikakubali kulipa shilingi bilioni 7.9, deni la mapatano ya miaka ya 2017 hadi 2021. Faida ni ya wote. Langoni walisimama wangapi?

Tutaambiwa kwamba mgomo humwumiza mwanafunzi. Ni kweli, na mzazi wa Kibokoni aliyekopa karo anaumia pia. Lakini mapatano yaliyotiwa sahihi kisha yakaachwa miaka na miaka bila kutekelezwa ndiyo yaliyouzaa mgomo huo. Tutaambiwa tena kwamba baadhi ya viongozi wa vyama hujali matumbo yao. Huenda. Basi nani atawauliza? Sheria hiyo hiyo yakitaka chama kitoe kila mwaka hesabu zilizokaguliwa. Kiti kinachoachwa wazi na mwaminifu hukaliwa na mlafi.

Kwa ndugu zetu waumini tuna neno moja. Kitabu cha Nehemia chasimulia jinsi ukuta wa Yerusalemu ulivyojengwa: makuhani, wafua dhahabu na wafanya biashara, kila mmoja akishika sehemu yake. Wakuu wa Watekoa peke yao walikataa kuinamisha shingo zao katika kazi hiyo. Ukuta ulikwisha bila wao, lakini kukataa kwao kumeandikwa, na kunasomwa makanisani hadi leo.

Mhadhiri wa Tudor, wa Kilifi, wa Nairobi: usome mkataba wako. Uhudhurie mkutano wa tawi lako na uulize fedha zimekwenda wapi. Ugombee nafasi, au umpigie kura anayefaa. Umtetee mwalimu wa kibarua ambaye hana mkataba wa kumlinda. Nasi tulio nje ya vyuo, tuyanyamazishe maneno ya vibarazani kwa kuieleza historia hii. Chama kilichonunuliwa kwa gharama kubwa hivyo kisife kwa kukosa watu wa kuketi mkutanoni.