Benki kukubali kadi si mwisho wa malipo

Wenzetu wengi hapa Uingereza wanaendesha biashara ndogo ndogo: tiketi za ndege, kusafirisha mizigo kwenda Dar es Salaam na Mombasa, nguo na vyakula vya nyumbani. Wateja wengi hulipa kwa kadi, tena kwa kutaja namba kwenye simu. Hapo ndipo matapeli wanapopenya.

Tangu Februari 14, 2006, wateja wa madukani hapa walianza kutakiwa kubonyeza namba ya siri badala ya kutia saini. Kadi bandia zikawa ngumu kutumika, lakini wezi hawakuacha kazi. Walihamia kwenye simu na intaneti, ambako kadi yenyewe haionekani.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba benki ikishakubali malipo, fedha ni zako. Sivyo. Mwenye kadi akigundua wizi, hata baada ya miezi, benki yake hudai fedha zirudishwe, na kwa malipo ya simu anayebeba hasara kwa kawaida ni muuzaji. Mzigo umekwenda, na fedha nazo zimekwenda.

Tunawashauri ndugu zetu waombe tarakimu za usalama zilizo kwenye kadi na kuhakikisha kuwa anuani na postikodi zinalingana na zile zilizoko benki. Tarakimu hizo zisiandikwe daftarini, kwani kanuni za makampuni ya kadi zinakataza kuzihifadhi baada ya malipo kukubaliwa. Kwa mauzo ya intaneti, tumieni mfumo unaomtaka mteja athibitishe malipo kwa benki yake. Akishathibitisha, kwa kawaida hasara ya wizi huiangukia benki hiyo. Aidha, mteja mgeni akilipa kupita bei, kisha akaomba kilichozidi kitumwe kwa mtu mwingine, huo ni utapeli. Fedha zirudi kwenye kadi ile ile iliyolipa.

Wapo watakaosema kuwa kumhoji mteja ni kumvunjia heshima, hasa anapotusalimia kwa Kiswahili na kuulizia habari za nyumbani. Hatukubaliani nao. Mteja mwaminifu hapotezi kitu kwa kuulizwa postikodi yake, na siku kadi yake ikiibwa atafurahi kwamba muuzaji aliuliza. Salamu nzuri si dhamana. Tahadhari kabla ya hatari.