Mjumbe na Arudi na Jibu

Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Sisi twaongeza kuwa mjumbe naye asimfiche jibu yule aliyemtuma. Twasema hivyo tukitazama mgogoro wa marubani na viongozi wa vyama vyao juu ya kustaafu, nasi twaona una funzo kwa askari wa kambi ya Makenke, Mbarara, na kwa polisi walindao amani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 1959 ilimtaka rubani wa ndege za abiria aache kazi atimizapo miaka 60. Chama kikubwa cha marubani, ALPA, kiliitetea kanuni hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Kisha, Mei 2007, viongozi wake waligeuza msimamo, na Desemba mwaka huo sheria ikapandisha umri hadi 65. Manung'uniko yakazuka pande zote mbili. Waliokwisha kutimiza 60 hawakurudishiwa vyeo vyao vya zamani, na vijana waliona nafasi ya unahodha ikisogezwa mbele hata miaka mitano. Wote hao walikuwa watumishi wa kazi moja.

Hapa jirani, Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma. Miongoni mwa madai yao ni kampuni irejeshe mchango wake katika mfuko wa akiba ya uzeeni, uliosimamishwa siku za UVIKO-19. Abiria walikwama Nairobi kwa siku kadhaa, hata mahakama ikaamuru kazi iendelee. Amri ile ilizirudisha ndege angani; suala la mfuko likabaki la kujadiliwa.

Funzo ni nini? Hakuna mkataba wa kustaafu uwezao kumridhisha sawasawa mtu wa miaka 59 na kijana wa miaka 30. Kiongozi anayewaahidi wote wawili ushindi anawadanganya wote wawili. Wako wasemao kuwa mazungumzo yahitaji siri. Twakubali, maadamu mazungumzo yanaendelea. Lakini mkataba ukishatiwa sahihi, hauwezi kuwa siri kwa wale watakaoishi chini yake. Waelezwe nani amepata, nani amekosa, na kwa sababu gani.

Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958, yatufundisha jambo hilo hilo. Mwaka 2023, msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipopungua, watu waligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya mahitaji, na wengine wakaondolewa kabisa katika mgao. Kiongozi wa kamati aliyechaguliwa na wakimbizi hakuupanga mgao huo, walakini mlango wake ndio unaopigwa hodi. Polisi wa zamu ajua vyema kwamba mahali palipokosekana maelezo, uvumi hushika nafasi, na uvumi huzaa fujo.

Sasa twawageukia ninyi, ndugu askari. Askari hana chama cha wafanyakazi, wala hagomi. Sauti yake hupita kwa mkuu wake na kwa karani wa kumbukumbu. Kwa hiyo mkuu ndiye mjumbe wake, na wajibu wake ni mzito kuliko wa kiongozi wa chama, kwa kuwa askari hawezi kumwondoa kwa kura. Askari anayekaribia kustaafu akiuliza habari za kiinua mgongo na pensheni yake, jibu la "ngoja" halitoshi. Aambiwe ni karatasi gani imepungua, iko mezani kwa nani, na lini arudi kuuliza.

Askari naye ana wajibu wake. Atunze hati zake tangu siku ya kuandikishwa, asahihishe mapema jina au tarehe iliyokosewa, na aulize kwa njia iliyowekwa.

Jibu chungu lisemwalo wazi humpa mtu nafasi ya kujipanga. Aliyelitumikia taifa miaka mingi hastahili kuisikia hatima yake kwa uvumi wa sokoni Mbarara. Na aisikie kwa mkuu wake, uso kwa uso.