Bamvua kwa Lugha Mbili

Likizo iliyopita nilimpeleka binti yangu nyumbani Mombasa. Asubuhi ya pili, yapata saa nne, tulishuka Bandari ya Kale tukamkuta ami yangu, aliyeumaliza ujana wake baharini, ameketi kivulini akitazama mashua mbili zilizopwelewa. Maji yalikuwa yametoka mbali. “Mjukuu wangu, leo mwezi ngapi?” akamuuliza. Mtoto akamtajia tarehe ya Agosti. Ami akatikisa kichwa kwa upole: aliutaka mwezi wa mbinguni, si wa kalenda ya ukutani. Ulikuwa mwezi kumi na tano, na hilo lilikuwa bamvua.

Binti yangu ana miaka 15 na fizikia ndiyo somo alipendalo. Akaokota kijiti, akachora mchangani jua, dunia na mwezi katika mstari mmoja, akaeleza kwa Kiingereza jinsi jua na mwezi vinavyoshirikiana kuvuta bahari. Ami akaeleza kwa Kiswahili kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na katikati ya nyakati hizo huja maji mafu. Walikuwa wakisema jambo lile lile. Mimi nilisimama baina yao nikitafsiri, na mara mbili nilikosa neno.

Nilirudi huku ughaibuni na swali moja. Wengi wetu tunapofikiria kuwarudisha watoto wakasome nyumbani, tunatafuta shule ya kimataifa “yenye Kiswahili”. Kiswahili hicho kinafundisha nini?

Kisiwani Mombasa pana shule iliyolibeba swali hili kwa miaka mingi. Aga Khan Academy ilifunguliwa Kizingo mwaka 2003, ikawa ya kwanza katika mtandao wa shule zake, nayo hufuata mtaala wa International Baccalaureate pamoja na azma ya kusomesha kwa Kiingereza na Kiswahili. Dada yake wa Maputo hutumia Kiingereza na Kireno. Nauheshimu uamuzi huo wa Kizingo, maana ni mgumu kuliko ule wa Maputo. Kireno kina vitabu vya kemia na historia vya kila darasa. Mwalimu wa Mombasa anayetaka kusomesha kemia ya sekondari kwa Kiswahili hulazimika kuandaa sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yake.

Mtaala huo wenyewe umekiachia Kiswahili mlango wa fasihi. Mwanafunzi anaweza kuisoma fasihi ya Kiswahili kama lugha yake ya kwanza sambamba na ya Kiingereza, akafaulu na kupata stashahada ya lugha mbili. Ni mlango wa heshima. Walimu wakiutumia vizuri, watoto watamsoma mshairi Muyaka bin Haji hatua chache kutoka mitaa aliyoishi, na Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake “Kenya: Twendapi?”. Lakini mtihani wa mwisho wa fizikia hauji kwa Kiswahili, na mahali pasipo mtihani, wazazi na walimu huregea. Hapo ndipo mtunga mtaala anapopaswa kusimama imara katika madarasa ya chini, kabla mitihani hiyo haijafika: somo moja zito, sayansi au historia, lisomeshwe, liandikwe na lisahihishwe kwa Kiswahili mwaka mzima. Kipindi cha lugha peke yake hakitoshi.

Nasikia jibu tayari: msamiati hakuna. Upo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Taasisi yake ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), kilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Sheikh Ahmed Nabhany aliyatafuta maneno kama runinga katika lahaja za pwani hii hii. Na bamvua halikuhitaji kubuniwa na mtu. Mji wetu pia si mgeni wa maandishi ya lugha mbili: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, wasomaji wake walikuta Kiswahili na Kiarabu katika gazeti moja, naye aliwahimiza watu wasome elimu ya dunia bila kuitupa yao.

Kilichopungua ni imani. Shule niliyosoma mimi, kisiwani humo humo, aliyesikika akisema Kiswahili nje ya kipindi chake alivikwa kibao shingoni hadi amnase mwenzake. Nilikivaa siku ya mtihani wa hesabu, na hadi leo nikihesabu kwa sauti mbele za watu nahesabu kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 imeshakifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini woga ule tulisafiri nao, na wapo kati yetu wanaowarithisha watoto.

Ada za shule za namna hii familia nyingi za Mji wa Kale haziziwezi, hata kukiwa na misaada ya masomo, na kwa hilo nasikitika. Masomo yatakayoandaliwa Kizingo yakitoka nje ya ukuta, yafike shule za serikali na madrasa, faida itakuwa ya mji mzima.

Ndugu mzazi, ukiandikisha mtoto popote, omba uonyeshwe daftari la sayansi lililoandikwa kwa Kiswahili. Nasi huku, darasa letu la Jumamosi limeamua kuanza somo la bahari na mwezi muhula ujao. Tunahitaji mwalimu wa sayansi anayesema Kiswahili, na wazee wawili watatu waliowahi kuishi kwa bahari. Kama ni wewe, au unawajua, tuandikie kabla muhula haujaanza.