Mwanafunzi wa Poka na Mwalimu Wake

Na Mwalimu wa Hesabu

Wazee wapendapo kumsema kijana achezaye karata, neno la kwanza ni kwamba kijana huyo ni mvivu. Naomba ruhusa ya wazazi wasomao gazeti hili niseme kwamba, kwa habari ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanaojitahidi kuwa hodari wa poka kwa intaneti, neno hilo si kweli. Na kwa kuwa si kweli, vijana wakilisikia hutudharau, wala hawalisikilizi tena lile la kweli tulilo nalo.

Mchezo wenyewe ni wa zamani, lakini ulizidi kuenea vyuoni baada ya mwaka 2003. Mwaka huo Chris Moneymaker, mtu wa kazi ya mahesabu kutoka Tennessee, alijipatia nafasi kwa shindano la intaneti la dola 86, akaenda kwenye mashindano makubwa ya Las Vegas, akawashinda watu 838 na kuchukua dola 2,500,000. (Jina lake maana yake ni mtengeneza fedha, na ni jina lake hasa.) Mwaka uliofuata walioingia walikuwa 2,576, na mwaka 2006 walikuwa 8,773.

Tazameni basi maisha ya mwanafunzi aliyeshikwa na jambo hili. Baada ya chakula cha jioni hufungua kompyuta yake, akaketi katika meza nne kwa wakati mmoja. Penye meza ya mbao, ambapo mtu hugawa karata kwa mkono, migawo kama 30 hupita kwa saa. Lakini kwa kompyuta, meza nne zaweza kumpa zaidi ya 200. Kila mgawo huandikwa na mashine. Usiku wa manane akiacha kucheza, halali. Huirudia migawo ile mmoja mmoja akitafuta alipokosea, kama ninyi mnavyotakiwa kuyapitia madaftari yenu (na wachache mnaofanya hivyo mnajijua). Husoma vitabu vya mchezo huo, kama kile cha David Sklansky kiitwacho The Theory of Poker. Hujiwekea sheria asipeleke mezani ila sehemu ndogo ya akiba yake, na ainuke akiona hasira zampanda. Hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko zote. Asubuhi kengele ya darasa yalia, naye ndiyo kwanza yumo usingizini.

Na hesabu anayofanya ni hesabu ya haki. Katika poka ya Texas kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha tatu hufunuliwa mezani kwa wote, halafu moja, halafu moja tena. Tuseme una shupaza mbili, na katika zile tatu za mezani mna shupaza mbili. Ukipata ya tano, tuseme, utashinda. Karata usizoziona ni 47, na shupaza zilizobaki ni 9. Mezani mna dola 50, nawe watakiwa kutoa 10 ili uione karata ifuatayo. Katika mara 47 utapata mara 9, yaani dola 450. Utakosa mara 38, yaani dola 380. Basi toa. Lakini mezani mkiwa na dola 40 tu, utapata 360 na kupoteza 380: weka karata zako chini. Kijana huyu hujibu swali la namna hii katika muda wa kupepesa macho, katika meza nne. Mimi ningefurahi kuwa naye darasani. Hata chuo cha MIT kilifundisha kozi fupi ya poka, Januari 2015.

Labda msomaji atauliza, kama ni hivyo, mwalimu ana ugomvi gani naye? Ugomvi wangu si naye, bali ni na yule amsahihishaye.

Katika mchezo huu ustadi hupimwa kwa madau anayopata mtu katika kila migawo 100. Nasema dau kwa maana ya lile la kuanzia, liwekwalo kwa lazima kabla ya karata kugawiwa. Tuseme kijana wetu ni hodari kweli, na ujuzi wake wastahili madau 5 katika kila migawo 100. Lakini bahati huiyumbisha hesabu hiyo kwa madau kama 90, juu au chini, katika migawo hiyo hiyo 100. Fanyeni hesabu kwa kanuni ya Kidato cha Sita, mtaona kwamba baada ya migawo 10,000 ingaliko nafasi karibu 3 katika 10 kuwa atakuwa amepata hasara, hali hakukosea lo lote. Baada ya migawo 100,000 nafasi hiyo ni kama 1 katika 25. Na mwenziwe asiye hodari, kwa hesabu hiyo hiyo, aweza kupata faida muda mrefu akajidhani bingwa.

Migawo 100,000, kwa 200 kila saa, ni saa 500. Somo moja la muhula katika vyuo vingi vya huko ni saa 45 za kukaa darasani. Basi muda huo ni wa masomo 11. Wala msidhani natia chumvi. Januari 2017, huko Pittsburgh, wataalamu wa chuo cha Carnegie Mellon waliishindanisha mashine yao iitwayo Libratus na wachezaji wanne wa kazi hiyo. Ili ijulikane nani hodari ilibidi wacheze migawo 120,000, kwa siku 20. Mashine ilishinda.

Fikirini mwalimu akutiaye alama ya kosa penye jibu la haki, na alama ya haki penye kosa, kisha akwambie urudi baada ya saa 500 ndipo ajue kama umeendelea. Na ukihamia meza ya fedha nyingi zaidi, penye wapinzani wakali zaidi, hesabu huanza upya. Mwanafunzi mwenye bidii kama ile angekwenda kwenye aljebra, au kwenye useremala, angelijua kosa lake jioni ile ile.

Ama kwa fedha, maneno ni machache. Katika meza ambayo dau lake ni senti 10, hodari wetu hupata dola 1 kwa saa, na hiyo ni baada ya mwenye mchezo kukata fungu lake. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya huko, tangu 2009, ni dola 7.25 kwa saa. Na dola ile imetoka mfukoni mwa mwingine, pengine mwanafunzi kama yeye. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali iliwashtaki wakuu wa kampuni tatu kubwa za mchezo huo. Waliokuwa na akiba zao humo wakakuta milango imefungwa, na wateja wa kampuni moja hawakuanza kulipwa mpaka 2014.

Wavulana wetu wengi hawaijui poka, wao huweka mikeka ya mpira kwa simu. Huko hata daftari la makosa halipo.

Atakaye kuipinga hesabu yangu ya 3 katika 10 na aje chumba cha hesabu Alhamisi baada ya michezo. Alete karata zake. Fedha aziache kwa mlezi wa bweni.