Karavani ya Tani Mbili na Nusu na Mteremko wa Iten

Leo naweka mambo ya programu kando kidogo, ingawa mkisoma hadi mwisho mtaona hesabu ni zile zile.

Binamu yangu ameamua kutumia akiba yake ya miaka sita kununua karavani, nyumba ya magurudumu yenye ekseli mbili, jiko, choo na vitanda vinne. Anataka kuikodisha. Wateja wapo, hilo sibishi. Kuna wakimbiaji kutoka Ulaya wanaokuja Iten kufanya mazoezi kwenye hewa nyembamba, na kuna watu wa Nairobi wanaotafuta pa kulala wikendi kule Ziwa Baringo. Karavani yenyewe ikishajazwa maji, gesi na vyombo itafika kilo 2,500 hivi. Na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo, nimepewa kazi ya kuchambua orodha ya magari sita yaliyotumika na kusema lipi litaivuta. Kila muuzaji anamwimbia wimbo mmoja: lina farasi ngapi, linapanda mlima vipi.

Mimi nasema swali hilo limekaa kichwa chini miguu juu. Gari la kuvuta mzigo milimani linachaguliwa kwa jinsi linavyoshuka. Kupanda ukishindwa, unasimama kando, unaweka jiwe nyuma ya tairi, unampigia fundi simu. Kushuka ukishindwa, hakuna simu.

Tuanze na njia yenyewe, maana gari halichaguliwi hewani. Kutoka hapa Cheptiret unapita Eldoret, unaenda Iten iliyo ukingoni kabisa mwa bonde, kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo barabara inatumbukia. Tambach, kona baada ya kona, hadi chini Bonde la Kerio na daraja la Chebloch kwenye mita 1,100 na kitu. Ukishavuka mto unapanda tena hadi Kabarnet, kama mita 2,000, kisha unateremka tena hadi Marigat. Safari moja, miteremko miwili mirefu na mpando mmoja wa maana katikati, na kando ya lami kuna watoto wa shule, punda na akina mama wanaouza maembe.

Sasa zile namba za kwenye matangazo zinatoka wapi? Wamarekani, ambao ndio wafalme wa kuvuta nyumba barabarani, wana kanuni ya chama cha wahandisi SAE inayoitwa J2807, iliyotolewa mwaka 2008. Gari linapelekwa Davis Dam kule Arizona, linafungwa mzigo, linapanda maili 11.4 (kilomita 18 na ushei) kwenye joto kali huku kiyoyozi kikiwaka, na gari la kawaida halitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Ni jaribio zuri na la haki. Ila kilele cha barabara ile kiko kwenye mita 1,100 hivi. Yaani pale jaribio linapoishia ndipo Bonde la Kerio linapoanzia! Na pikapu zetu nyingi wala hazitoki Marekani, namba zake ni za kiwanda chenyewe. Kwa sisi tunaoandika programu, hii ni sawa na kupima mfumo kwenye kompyuta yako mwenyewe ukiwa mtumiaji mmoja, halafu unautangaza kwa nchi nzima.

Urefu huo una maana gani kwa injini? Pale Iten hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa, na kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700, imepungua karibu robo. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hiyo tu. Chukua Land Cruiser 79 yenye ile injini ya 1HZ ya lita 4.2 ambayo kila mtu hapa anaiheshimu: farasi 131 pale pwani, lakini pale Timboroa usitegemee zaidi ya 100. Nilipiga hesabu ya gari na karavani vyenye jumla ya kilo 5,000 vikipanda mwinuko wa asilimia 7 kwa kilomita 50 kwa saa, na nikapata vinahitaji karibu farasi 100 kwenye injini. Maana yake Land Cruiser itafika Kabarnet, lakini mguu ukiwa sakafuni na hakuna akiba. Injini yenye turbo inasukuma hewa kwa nguvu kwa hiyo haipotezi sana. Kwa upande wa kupanda, basi, turbo imeshinda. Sina zaidi la kusema kuhusu kupanda.

Uzito ndio unaowapoteza wengi. Muuzaji anasema "inavuta tani tatu na nusu", na kweli kitabu kinasema hivyo. Lakini kitabu kina namba nyingine tatu ambazo hakuna anayezisoma. Ford Ranger ya lita 3.2, kwa mfano, kwa vipimo vilivyochapishwa Australia: trela kilo 3,500, gari lenyewe likiwa limepakiwa lisizidi kilo 3,200, lakini gari na trela kwa pamoja visizidi 6,000. Jumlisha. Ukivuta 3,500, gari linabakiwa na 2,500, na likiwa tupu tayari linakula 2,200 hivi. Kilo 300 zilizobaki ndizo dereva, abiria na mizigo. Watu wawili wazima na masanduku yao, mmemaliza. Gari la "tani tatu na nusu" haliwezi kuvuta tani tatu na nusu likiwa na familia ndani. Kwa wenzangu: ni min(), si max(). Namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala.

Kwa karavani ya binamu, karatasi inaruhusu. Kilo 2,500 za karavani, 2,200 za gari, watu na vitu 300 au zaidi, tuko kwenye 5,000 na kitu. Kwa hiyo mtu angesema tumemaliza, nunua. Ngoja kwanza.

Kilo 5,000 zikishuka mita 1,000 (na Iten ni zaidi ya hapo) zinaachia nishati ya megajuli 49. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji ya baridi. Sehemu inaliwa na upepo na tairi, lakini iliyobaki lazima iende mahali, na mahali ni pawili tu: injini au breki. Ukishuka asilimia 7 kwa kilomita 40 kwa saa, kuna kama kilowati 30 zinazotafuta pa kwenda. Ile shawa ya umeme ya kuogea ina kilowati 5 hivi. Fikiria shawa sita zikiwaka kwa pamoja, kwa muda wote wa mteremko, na joto lote linaingia kwenye vyuma vya breki vilivyo karibu na mpira na mafuta. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, na yote hunyonya, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inaenda hadi sakafuni bila kukamata kitu. Tena kuna jambo ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja: lile boya linalosaidia mguu wako kukanyaga breki linafanya kazi kwa kani ya hewa ya nje. Pale juu Iten kani hiyo ni ndogo kwa karibu robo kuliko pwani. Mguu wako ndio utakaolipia tofauti.

Haya si mambo ya vitabuni. Sisi wa barabara ya Nakuru tunajua Salgaa ilipata sifa gani: madereva wa malori wanatoa gia ili kuokoa dizeli, lori linateleza lenyewe, breki zinaachiwa kazi yote. Na tarehe 30 Juni 2023 pale makutano ya Londiani, lori lililoshindwa kudhibitiwa lilivamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, wakafa zaidi ya watu 50. Najua karavani si kontena. Lakini mteremko haujui tofauti hiyo.

Kwa hiyo maswali yangu kwa kila gari kati ya yale sita yalikuwa matatu. Injini ni kubwa kiasi gani kwa lita, maana ukiwa kwenye gia ya pili bila kukanyaga mafuta, ni ukubwa huo na mizunguko ya injini vinavyoshikilia gari (na hapa ile Land Cruiser nzee isiyo na turbo inalipiza kisasi). Gia naweza kuishikilia mwenyewe, ama gari lina akili yake? Na gari lina uzito gani likilinganishwa na karavani, kwa sababu trela likiwa zito kuliko gari, kwenye kona mkia ndio unaomtikisa mbwa.

Subaru Forester imetoka mara moja. Gari zuri, lakini hata kwenye karatasi halivuki tani mbili. Pikapu moja ya lita 2.5 nayo nimeitoa, ingawa inapendeza na rangi yake inang'aa. Zimebaki Prado ya lita 3.0, Ranger, Isuzu D-Max ya lita 3.0 na ile Land Cruiser. Prado ni ya otomatiki na imetembea mno, na muuzaji hataki tumwone fundi wetu akifungua gurudumu, kwa hiyo kwaheri. Kati ya tatu zilizobaki ningechukua Land Cruiser kwa kushuka na D-Max kwa vipuri, kwa kuwa zinaunganishwa hapa hapa Nairobi na hakuna mji usio na makanika anayezijua. Fedha ya binamu inafika kwenye D-Max. Haifiki kwenye Land Cruiser.

Basi chukua D-Max, na upunguze karavani. Huu ndio msimamo wangu na ndio uliotugombanisha Jumapili. Karavani ya ekseli moja ya kilo 1,500 au 1,600 ina vitanda viwili, na yeye anasema vitanda vinne ndiyo biashara, vitanda viwili ni hobi. Namwelewa. Akiba ni yake, mimi sijaweka hata shilingi. Lakini watoto wake ndio watakaokaa kiti cha nyuma. Kuondoa kilo 1,000 ni kuondoa moja ya tano ya lile joto lote kabla hujagusa breki, na hakuna gari kwenye orodha yake linaloweza kumpa hicho kwa bei hiyo.

Akikataa kabisa, kuna njia ya tatu ambayo wenye pikapu za kifahari wataicheka: Canter. Nyumba ijengwe juu ya lori dogo lenyewe, bila trela. Ina breki ya ekzosi, ile inayoziba bomba la moshi ili injini ikabe gari, kitu ambacho pikapu hizi hazina. Haina sura ya Instagram, lakini inashuka.

Kuhusu karavani yenyewe, jambo moja ambalo lazima. Iwe na breki zake. Zile zilizotoka Uingereza zina breki zinazojikamata trela linaposukuma gari kutoka nyuma, hazihitaji waya wowote, na mlango wake uko kushoto, upande wa majani. Za Marekani zina breki za umeme zinazodai kifaa maalumu ndani ya gari, na mlango unafungukia upande wa magari yanayopita. Fikiria mtoto anayeruka kutoka humo. Hata hizo za Uingereza zina dosari: kwenye mteremko mrefu trela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake hazipumziki. Shuka kwa gia, simama Tambach, weka kiganja karibu na magurudumu usikie joto. Na tangi la maji lisijazwe nyumbani. Lita 100 ni kilo 100, na maji yapo Marigat.

Ijumaa tunaenda kuiona D-Max, na nimesisitiza tupitie kwenye mizani ya wanunuzi wa nafaka pale Eldoret tuipime likiwa na sisi wote ndani. Pia nataka kampuni ya bima iandike, kwa karatasi, kwamba inalifunika gari likiwa linavuta trela. Kinachonisumbua bado ni fundi. Kama kuna msomaji anayemjua mtu wa kati ya Eldoret na Nakuru aliyewahi kufungua na kurekebisha breki za karavani za Uingereza, si za trela la trekta, tafadhali aniandikie kabla ya Ijumaa.