Mbwa wa Geti Kali

Mwezi huu naomba tuziweke nyumba ndogo pembeni kidogo, maana kuna ndoa moja naijua imeingia mdudu kwa sababu ya mbwa. Ndiyo, mbwa! Wala sitanii.

Shosti wangu na mumewe wanakaa Upanga, fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Siku moja mume karudi na mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, na kizimba cha waya cha kumfungia. Kaona kwenye YouTube Wamarekani wanavyofundisha mbwa kwa kumweka humo. Wenzetu wanakiita kreti. Sisi kreti tunalolijua ni la soda. Basi saa moja asubuhi wote wawili wanakwenda kazini, Popi anafungiwa, hadi saa kumi na mbili jioni. Masaa 11! Mke anasema huo ni ukatili. Mume anasema mke hajui mambo ya kisasa. Wiki ya pili sasa wanasemeshana kwa kununa, na mimi nimeombwa niamue. Si mnanijua, sikuombwa mara mbili.

Nianze na mume, maana ana hoja. Mbwa kwa kawaida hapendi kuchafua pale anapolala, na hapo ndipo kizimba kinaposaidia kumfundisha haja. Kinamzuia pia asitafune nyaya za umeme mkiwa hamumwangalii, na akizoea, hata siku ya kumsafirisha kwenye gari hapati shida. Lakini anazoeshwa taratibu. Chakula anapewa humo humo mlango ukiwa wazi, kisha unafungwa dakika chache, kesho zinaongezwa. Akiamka tu au akimaliza kula, anatolewa nje. Na hao hao Wamarekani wanaofundisha kizimba wanasema mbwa wa chini ya miezi sita asikae humo zaidi ya masaa matatu au manne, kibofu chake hakiwezi. Ukimwacha masaa 11 atalala juu ya mkojo wake, atauzoea, na ile tabia ya usafi uliyoitegemea imekufa. Shemeji alinunua kizimba, maelekezo akayaacha dukani.

Halafu hili la kisasa, kisasa cha nani? Sweden wana kanuni kwamba mbwa wa ndani lazima atolewe nje angalau kila baada ya masaa sita wakati wa mchana, na kumfungia kwenye kizimba kama maisha ya kila siku hairuhusiwi. Ni cha safari, maonyesho na mambo kama hayo. Finland nao kumfungia kizimbani kila siku hawaruhusu. Wazungu wenyewe hawajaelewana, sisi tunagombania kitanda kwa ajili yao!

Ila na wewe shosti usicheke bado. Uliniambia kwenu hamkuwahi kumtesa mbwa. Mpenzi, kwenu nimefika. Kuna banda la tofali pembeni ya geti, mbwa anaingizwa alfajiri, anafunguliwa usiku watu wakilala, eti ili awe mkali. Nusu ya nyumba zenye ukuta ninazozijua Dar ni hivyo. Mbwa wa geti kali kuliko binti wa mchungaji! Hilo hatuliiti ukatili kwa sababu tumelizoea, wakati Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008.

Na ukali wenyewe ni wa uongo. Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, waliandika mwaka 1965 kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mbwa anapojifunza watu ni nini. Asipoona wageni, watoto, pikipiki, anakua na woga, na mbwa mwoga anang'ata yeyote. Mwizi hana uhakika wa kuwa wa kwanza. Dada wa kazi anayepeleka ugali yuko karibu zaidi. Popi ana miezi mitatu, muda huo ndiyo unaisha, na yeye anautazama ukuta wa jikoni.

Simaanishi aachiwe azurure. Kuna magari, kuna kichaa cha mbwa, na kuna jirani wa ghorofa ya pili ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi, naye ana haki ya ngazi zake.

Uamuzi wangu: kizimba kibaki, mlango uwe wazi, jikoni kuwekwe kizuizi. Mdogo wake shemeji anayesubiri ajira alipwe kidogo, aje saa nne na saa nane kumtoa mbwa. Wakishindwa, wampe mtu anayeshinda nyumbani. Shemeji akasema mbwa hawezi kuwa na ratiba kumzidi yeye.

Hapo shosti akanivuta kwenye korido. "Dada, mimi mbwa siogopi. Tunatafuta mtoto. Ananunua, anafungia, anaondoka. Mtoto akija je?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia hilo asiniambie mimi, amwambie yeye, tena kwa maneno hayo hayo. Kamwambia. Walikaa mpaka saa saba usiku, na wanachoongea bado hakijaisha.

Popi kwa sasa yuko Kibaha kwa mama yake shosti, ambaye anashinda nyumbani na kuku wake. Analala kwenye kizimba kile kile. Mlango hauna, mama kaung'oa anaanikia dagaa.